Kiti cha Aliyeshindwa

Shemeji yangu Clement Utting alikuwa muuza viatu, na sehemu kubwa ya maisha yake aliimaliza akiwa amepiga goti mbele ya miguu ya watu. Duka lilikuwa kwenye mtaa unaoteremka kwenda baharini, hapa kwetu Hollesby, na ukipita nje ulikuwa unamwona kupitia kioo, upara wake umeinama, kidole gumba kinabonyeza ncha ya kiatu cha mtoto wa mtu. Kazi aliijua. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemsikiliza. Akisema kiatu kinabana, mama mtu anasema kitaachia. Akisema kinapwaya, mama mtu anasema mtoto atakua. Basi anafunga boksi, anashukuru, anamfungulia mteja mlango.

Lakini mara moja kwa mwaka Clement alikuwa anapanda juu.

Klabu yetu ya tenisi iko kilimani, viwanja vyake ni vya nyasi, na kila Julai kunakuwa na mashindano ya wanaume, mmoja kwa mmoja. Kuna desturi iliyokuwepo kabla sijazaliwa: anayeshindwa haendi nyumbani. Anafuta jasho, anavaa sweta lake, anapanda kile kiti kirefu cha mbao kando ya wavu, na kuamua mechi inayofuata kwenye kiwanja kilekile alichopigwa. Kama mwanzoni ilikuwa adhabu au heshima, hakuna anayekumbuka. Vijana wengi waliiona adhabu. Walipanda wamenuna, wakawa wanataja pointi kama watu wanaosoma orodha ya nguo chafu. Clement alishindwa raundi ya kwanza kila mwaka aliocheza, bila kuruka hata mmoja, na kila mwaka alizipanda zile ngazi kama bwana harusi.

Mimi na dada yangu Hester, mke wake, tulikuwa upande wa chai. Hema letu liliegemea ua wa kiwanja cha pili, na kwa miaka mingi Julai yangu imekuwa hivyo: kisu mkononi, matango kwenye ubao, jua linapenya kitambaa cha hema mpaka kila kitu ndani kinakuwa rangi ya maziwa, na kutoka nje sauti ya Clement ikielea. Kumi na tano kwa sifuri. Thelathini sare. Nje. Haikuwa sauti ya dukani. Dukani alikuwa anaongea kama anayeomba radhi kwa kuwa na mdomo. Kule juu sauti yake ilikuwa imetulia, haina haraka wala hasira, na ilikuwa inanitia usingizi mtamu nikiwa nimesimama. Mara nyingi nimejikuta nimekata matango ya kutosha kulisha jeshi, kwa sababu tu sikutaka mechi iishe.

Wakati fulani nilimchokoza. Nilimwambia, shemeji, wenzako wanapigania kombe, wewe unapigania kiti. Alikuwa anafuta vikombe. Hakukasirika, maana hajui kukasirika. Aliwaza kidogo, akasema, "Shemeji, dukani nikisema kitu, watu wananijibu. Kule juu nikisema, wanabadilishana upande wa uwanja."

Tangu siku hiyo sikumtania tena kuhusu kile kiti.

Sasa, mwaka ninaousimulia, katibu wa klabu alikuwa Meja Gosling, mwanajeshi mstaafu aliyedhani hata nyasi huota kwa amri. Katika mkutano wa masika alisimama akatangaza kwamba kuanzia mwaka ujao mechi zote zitaamuliwa na waamuzi rasmi, wenye beji, kutoka mkoani. Desturi ya aliyeshindwa kupanda kitini imepitwa na wakati, alisema, inatufanya tuonekane washamba. Watu wakapiga makofi, wengi wao wakiwa ni walewale waliokuwa wanatorokea baa wakishashindwa. Clement alinisaidia kukusanya vikombe, akavipanga vizuri kuliko kawaida, na njiani alimwambia Hester kitu kimoja tu, "Basi, mara moja tena."

Mara moja tena, ndicho alichokuwa anakitaka duniani. Hakutaka kombe, hakutaka jina lake ukutani. Apigwe raundi ya kwanza kama kawaida yake, avae sweta, apande. Hester akamwambia asiwe na wasiwasi. Umewahi kumshinda nani wewe, alimwuliza, na aliuliza kwa mapenzi.

Kura ya nani acheze na nani ilipopigwa tukafurahi. Clement aliangukia kwa Horace Claydon, muuza aiskrimu wa Lowestoft, jitu la miraba minne, mcheshi, bingwa wa viwanja vya saruji kule kwao. Watu walisema atammaliza Clement kabla maji ya chai hayajachemka. Hester alilifua lile sweta jeupe na kulianika juani mapema.

Jumamosi kabla ya mashindano, Claydon mwenyewe aliingia dukani kununua raba za kuchezea. Clement akapiga goti, akampima, akamwambia: bwana, nyasi zetu zina unyevu mpaka mchana, chukua hizi zenye vipele chini. Claydon akazitazama, akasema zinafanana na mgongo wa chura. Akachagua raba laini, nyeupe, zenye mstari wa buluu. Clement akarudia. Claydon akacheka, akampiga bega, akasema miguu ni yake. Sikio la kufa halisikii dawa. Clement akafunga boksi, akashukuru, akafungua mlango.

Hester alipoyasikia hayo alijishika shavu.

"Ungemng'ang'ania, Clem."

"Nilimwambia mara mbili."

"Ungemwambia mara tatu. Yule mtu akiteleza, wewe ndiye utakayeumia."

Na kweli, siku ya mechi aliteleza. Nililiacha hema nikaenda kwenye ua wa kiwanja kutazama, na nilichokiona sikutaka kukiamini. Kwenye saruji mpira ukidunda hupanda mpaka kiunoni, unakusubiri. Kwenye nyasi zetu haupandi. Unateleza chini chini kama panya anayepita chini ya mlango. Claydon alikuwa anausubiri upande, na kila alipousubiri ulishapita. Akikimbia kuufuata, raba zake nzuri zinamtoka chini, anakaa kitako, anacheka, anainuka na makalio ya kijani. Vile vipigo vya Clement vya kukata, ambavyo havijawahi kumshinda mtu yeyote tangu avijue, siku hiyo vilikuwa vinaua.

Niliyaona mateso yake waziwazi. Kila alipopata pointi alikitupia kiti jicho. Mtu mwingine angekosea makusudi, mpira mmoja nje, mwingine wavuni, na nani angejua? Angejua Clement. Miaka yote aliyokaa kule juu hakuwahi kumpa mtu pointi isiyo yake, na hakuwahi kumnyima mtu iliyo yake, na sasa asingeweza kuanza uongo chini. Alicheza kila mpira kwa uwezo wake wote, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejichimbia shimo kwa jembe lake mwenyewe.

Ilifika pointi ya mwisho. Clement ndiye aliyekuwa anaanzisha. Hester alikuja kusimama kando yangu, bado ameshika kisu cha matango. Alisema polepole, "Kosa, mume wangu. Kosa tu." Clement akaurusha mpira juu, akaupiga, ukaangukia ndani sawasawa. Claydon akauendea, akateleza, akabaki amekaa kwenye nyasi amekumbatia magoti, anacheka mpaka machozi.

Makofi yakapigwa ambayo hayajawahi kupigwa kwa Clement. Mcheza kwao hutunzwa, wazee wakasema, na mmoja akataka kumbeba. Clement akampa Claydon mkono, akamwinua, akampangusa mgongo. Kisha akatembea mpaka kwenye benchi, akafuta jasho, akavaa sweta lake, akaenda kwenye kiti akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza.

Akili ilikuwa haimo. Miguu ndiyo iliyokuwa inakwenda yenyewe, kama ilivyozoea. Alishafika ngazi ya tatu Meja Gosling alipoita kutoka barazani.

"Utting. Umeshinda, bwana. Shuka."

Watu wakacheka, na hawakucheka kwa ubaya. Clement alisimama palepale kidogo, mkono umeshika mbao, halafu akashuka ngazi moja moja. Sijawahi kumwona mtu akishuka hivyo. Moyo uliniuma, nasema kweli, na nilimchukia Meja kwa kusema jambo ambalo lilikuwa sahihi.

Claydon akapanda badala yake. Alikipenda kiti papo hapo. Alikaa amepanua magoti, akaamua mechi nzima kwa furaha na bila mpangilio, "hiyo ilikuwa ndani, au jirani yake," akawauliza wachezaji wenyewe pointi ni ngapi. Clement alikaa hemani kwetu, mahali wanapokaa washindi, sweta lake bado mwilini.

Hester akavua aproni akamfuata Meja. Alimwambia kwamba mume wake angeweza kuamua mechi nyingine yoyote, leo au kesho, maana vijana walikuwa wanatoroka kiti kila siku. Meja hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema aliye bado mashindanoni hawezi kuwaamua wenzake, kwa kuwa huenda kesho akakutana nao, na kanuni hiyo Hester aliijua vizuri kama yeye.

"Mpaka ashindwe, Bibi Utting. Akishindwa, kiti ni chake."

Basi tumaini lilihamia kesho. Na kesho ilionekana nzuri, kwa sababu raundi ya pili Clement alikuwa anakutana na Ambrose Kerrich, bingwa wetu, mtu asiyekuwa na huruma hata kwa mama yake. Jioni Hester alikuwa anapiga pasi kaptula nyeupe huku akiimba. Nilimsikia akimbembeleza mume wake kama mtu anayembembeleza mtoto kabla ya sikukuu. Kesho utapigwa tu, Clem. Kerrich hatelezi. Utapigwa vizuri, utapanda. Naye Clement akala chakula chote, akaenda kulala mapema.

Asubuhi bahari haikuwepo.

Ukungu ulikuwa umepanda kutoka majini ukaumeza mtaa, duka, kanisa, na kilima chote. Kwetu hapa ukungu wa Julai si ajabu, huja asubuhi na kuondoka kabla ya chakula cha mchana. Huu haukuondoka. Tulipika chai, wachezaji wakaja wamevaa nyeupe, wakawa wanatokea kwenye weupe mmoja mmoja, kwanza raketi, halafu uso. Walikaa hemani wakala skonzi zote. Kerrich alilala kwenye kiti cha turubai na kofia usoni. Meja alikuwa anatoka kila mara, ananyoosha mkono mbele yake, anautazama kama vidole vimekosa nidhamu, anarudi. Siku ikaisha. Siku iliyofuata ikawa hivyohivyo, na nyingine nayo.

Zilikuwa siku za ajabu. Sauti zilikuja bila watu wake. Ungesikia mtu anakohoa karibu ya sikio, kumbe yuko ng'ambo ya viwanja. Maji yalikusanyika kwenye nyavu, matone madogo yamejipanga kwenye nyuzi, na nyasi zilikaa bila kukanyagwa mpaka zikaanza kunukia upya, kama nyasi za kabla ya watu. Mimi nilijiona ninaishi ndani ya kikombe cha maziwa. Clement alikaa mlangoni mwa hema, sweta magotini, akitazama upande kilipo kiti. Kilikuwa hakionekani. Aliutazama ukungu mahali pake.

Alasiri ya mwisho Meja akasimama barazani akatangaza kwa masikitiko kwamba mashindano yamevunjwa. Hakuna bingwa mwaka huu. Watu wakafungasha raketi zao wakateremka kwenda kituoni. Wakati wa kuagana Claydon alimkumbatia Clement, akasema kwa sauti kubwa kwamba katika wanaume wote walioingia uwanjani, Utting amemaliza bila kufungwa, na mtu huyo huyo ndiye aliyemshauri kuhusu viatu. Alisema hivyo kwa moyo mweupe. Clement akatabasamu, akamshukuru, na kwa kuwa ndiyo tabia yake, akamfungulia geti.

Tulibaki sisi watatu na vyombo. Nilipomtafuta Clement nikampata kiwanja cha pili, amesimama chini ya kile kiti, kiganja kwenye ngazi. Hester alikuwa ameshafika, na kikombe cha chai ambacho hakuna aliyekinywa. Nikamwambia, shemeji, panda basi, mashindano yamevunjwa, wewe si mshindani tena, na hakuna anayekuona.

Akatikisa kichwa. "Kiti bila mechi ni ngazi tu, shemeji."

Maji yalidondoka kutoka wavuni. Kisha dada yangu akaweka kikombe kwenye nyasi, akainama kwenye mfuko wa mumewe, akatoa raketi moja akanipa, akatoa ya pili akaishika kama anavyoshika kikaango.

"Mimi na Thirza," alisema.

"Hester, hujui kucheza," Clement alimwambia.

"Sijaomba maoni ya mwamuzi. Bado hajapanda."

"Na mimi sijashindwa," Clement akasema, na sauti ilikuwa ya dukani. "Kiti ni cha aliyeshindwa."

Hester akamtazama. Amekuwa mkewe tangu wote wawili wakiwa na nywele nyeusi. "Kwangu umewahi kushinda lini?" alimwuliza. "Vaa sweta. Panda."

Akavaa sweta. Akapanda. Nilihesabu ngazi kwa masikio, maana kwanza kilipotea kichwa, halafu mgongo, mwisho soli za viatu vyake, na baada ya hapo kulikuwa na ukungu tu na mlio wa mbao ikipokea uzito inaoujua. Mimi nikaenda upande wangu nikipapasa kwa miguu. Dada yangu sikumwona tena.

Halafu kutoka juu, taratibu, ile sauti.

"Mechi ya mwisho. Bibi Utting dhidi ya Bibi Catchpole. Bibi Utting anaanzisha. Sifuri kwa sifuri. Chezeni."

Bibi Catchpole ndiye mimi; nikainua raketi. Nikasikia Hester akiguna, nikasikia raketi ikigusa kitu, na baada ya muda, mahali fulani, mpira ukaangukia kwenye nyasi kwa sauti ndogo. Niliupigia hewa. Tukasubiri.

"Sikuona," Clement alisema. "Rudieni."

Mwamuzi ambaye hakuona habahatishi. Angeweza kusema ndani, au nje, na ni nani katika Hollesby yote angembishia? Hakusema. Hester akatafuta mpira kwa mikono, akapiga tena. Sikuona, rudieni. Akapiga tena. Mara moja mpira ulinijia miguuni, sijui ulitoka wapi, nikaupiga kwa nguvu zangu zote na nikausikia ukitua, na mpaka leo nasema ulitua kwenye kona, ndani kabisa. Nikaita juu kwamba huo, shemeji, ulikuwa wangu.

"Mchezaji acheze, mwamuzi aamue," sauti ikanijibu, na nilisikia kwamba anatabasamu. "Sikuona. Rudieni."

Tuliendelea hivyo. Viatu vililowa, aproni zikalowa, Hester akaanza kucheka na mimi nikaanza kucheka, halafu tukaacha kucheka tukawa tunacheza kweli, wanawake wawili wasiojua kucheza, kwenye kiwanja wasichokiona, kwa ajili ya sauti moja. Dada yangu akachoka. Nilimsikia akihema.

"Clem. Nipe hata pointi moja, tukanywe chai."

"Sikuona, Bibi Utting," alisema, kwa upole ule ambao sijausikia kwa mwanamume mwingine. "Sifuri kwa sifuri. Rudieni."

Hapo ndipo tuliposikia buti kwenye njia ya changarawe. Meja Gosling alikuwa anafunga milango. Buti zikafika kwenye ua wa kiwanja zikasimama, na sauti yake ya gwaride ikapenya ukungu, ikiuliza ni nani huyo anayecheza na mashindano yameshavunjwa, na ni kwa ruhusa ya nani.

Nikashika raketi yangu kwa mikono miwili nikangoja kumsikia Clement akiomba radhi.

"Kimya tafadhali, Meja," alisema kutoka juu. "Mechi inaendelea."

Nilimsikia Meja akivua kofia, na buti hazikusogea tena. Hester akaokota mpira.